Kato Ameruka

“Shikamoo baba.” Evangelina alipokea simu huku akining’inia juu ya ngazi, bango la Kongamano la Mwaka la Wataalamu wa Kijerumani likiwa limebandikwa upande mmoja tu.

“Marahaba, mwanangu. Ni Kakuru, pacha wake Profesa Kato. Wewe si binti wa Tukahirwa wa Nyakasimbi?”

“Ndiye mimi.”

“Basi nakwambia kama mtu wa nyumbani. Kato ameruka.”

“Mungu mkubwa!” Evangelina alipiga kelele mpaka wanafunzi wakageuka.

“Ndiyo,” Kakuru alisema polepole. “Ni mkubwa.”

“Tafadhali baba, kabla hamjamfikisha nyumbani Kimuli, mpitisheni hapa chuoni. Wote tunamsubiri.”

“Mnataka kumwona?” mzee aliuliza. “Asanteni sana. Tutampitisha.”

Bila Kato hapakuwa na kongamano. Ndiye aliyelianzisha, na kila mwaka waliohudhuria walipungua, hata safari hii wangeenea kwenye pikapu moja. Mkuu wa chuo hakuzunguka mbuyu: wageni kutoka Ujerumani wasipomwona Kato jukwaani, wataondoa ufadhili wao, na idara itafungwa. Na Kato mwenyewe alikuwa amelazwa Mwanza, kila habari mbaya kuliko ya jana. Evangelina alikuwa amekwishakata tamaa. Sasa, kumbe, mzee kapanda ndege!

“Mtu aliyeshindwa kunyanyua kijiko juzi?” Daktari Melkiory, mwenzake wa idarani, aliguna. “Na simu yake haipatikani.”

“Si yuko angani! Wewe nawe, Melkiory, furaha inakuwasha?”

Evangelina alikulia Morogoro. Kijerumani alikisema mpaka Wajerumani wakadhani amesomea kwao. Kinyambo, lugha ya baba yake, kilimwishia kwenye salamu, na akienda kijijini Nyakasimbi hucheka wenzake wanapocheka, asijue kinachochekesha. Jambo hilo lilimuumiza, ila hakuwahi kulitafutia muda.

Mchana ukapita. Ndizi zikapoa kwenye masufuria. Wageni wakaanza kutazama saa, kisha wakaanza kutazamana. Mvua ilinyesha ikakatika, na mkuu wa chuo akapita mlangoni mara mbili. Evangelina alizidi kuwabembeleza watu wakae, maana alijua wakishatoka hawatarudi tena, si leo wala mwakani.

Jua lilikuwa linazama pikapu ilipoingia getini, taratibu, taa zikiwaka.

“Amefika!” alipiga kelele.

Wanafunzi wakajipanga na kuanza wimbo wa Kijerumani wa kukaribisha wageni, wakipiga makofi kwa nguvu zao zote. Wageni wakasimama. Hata Melkiory alipiga makofi. Mlango wa mbele ukafunguliwa, akashuka mzee mwenye uso ule ule wanaoujua, na Evangelina, machozi ya furaha yakimtiririka, akamkimbilia na shada la maua na kumkaribisha kwa Kijerumani chake kizuri kuliko vyote.

Mzee aliyapokea maua kwa mikono miwili. Hakuelewa hata neno moja.

“Mimi ni Kakuru, mwanangu.”

“Oh, samahani baba! Mmefanana mno. Profesa yuko wapi?” Evangelina alichungulia ndani ya gari. Palikuwa na dereva tu. Nyuma, wanaume wa Kimuli walikaa kuzunguka kitu kirefu kilichofunikwa turubai. “Si ulisema ameruka?”

Kakuru aliwatazama wanafunzi, ambao walikuwa bado wanaimba na kupiga makofi. Kisha akamtazama yeye, kwa mshangao wa kweli.

“Binti wa Tukahirwa,” alisema, “kwetu pacha hafi. Pacha huruka.”