Jogoo wa Siku ya Kufaulu

Jogoo yule alinunuliwa angali kifaranga, aje achinjwe siku Mwasiti atakapofaulu mtihani wa kuingia chuo. Mwasiti alishafeli mara tatu, na jogoo alikuwa amezeeka hata sauti inamkwama akiwika.

Usajili wa mtihani wa mwaka huu ulikuwa unafungwa adhuhuri ya siku hiyo. Mama alipotokea uani, alimkuta bintiye amembana jogoo chini, kisu mkononi.

"Mwanangu, huyo si wa leo."

"Nimechoka kumlisha, mama."

"Jaribu tena mara moja tu."

"Ndivyo ulivyosema mwaka jana. Na mwaka juzi."

Mama akapiga magoti, akamshika jogoo mabawa, akamwelekeza kibla.

"Haya. Piga bismillahi."

Mwasiti akakisogeza kisu karibu, kisha akakizuia. Jogoo, shingo wazi mbele ya kisu, akawika.