Tabibu wa Kikosi

Katika mchezo ule wa vita wa kompyuta, hapakuwa na tabibu wa kumfikia Bi Siwema mji mzima. Alijisifu hivyo mwenyewe, kisha akakiri kuwa tabibu mjini alikuwa yeye peke yake. Wenzake wote walitaka bunduki.

Yeye alimtaka Zawena, bintiye, aliyehamia mbali na kuacha kupokea simu zake, maana kila simu ilianza na “Umekula lakini?” na kuishia na “Utaolewa lini?” Basi akajiunga na kikosi cha Zawena kwa jina la Kobe, akaikaza sauti iwe ya kiume, akawa anamfuata nyuma kumtibu majeraha.

“Kaka Kobe, mbona unayumba kama mlevi?” Zawena alicheka kwenye hedifoni. “Punguza kasi ya kipanya. Mkono unakutetemeka?”

“Baridi tu, dada. Mimi baharia.”

Akapunguza, akaacha kuyumba. Zawena alipopigwa risasi, Kobe alimfikia kabla hajaanguka.

“Ahaa, sasa umeweza! Huko melini nani anakupikia?”

“Najipikia. Wewe je, umekula lakini?”

Askari wa Zawena akageuka. Risasi zikimpita huku na huku, akashusha bunduki, akasimama akimtazama tabibu.