Kijiko cha Daktari

Mwigizaji aliyevaa koti la daktari alikuwa amekwisha kukipeleka kijiko kwenye meno ya "mgonjwa wa kifafa" aliyelala sakafuni, Ragnhild aliposema, "Hapana."

Studio nzima ilimgeukia. Ragnhild, muuguzi, aliajiriwa kuhakikisha tamthilia haidanganyi kuhusu magonjwa.

"Dada, umeshasema mara tatu," mwongozaji alilalamika. "Bila kijiko daktari afanye nini? Asimame kama mgeni aliyekosa kiti?"

"Amgeuze ubavu, asubiri. Basi."

"Watazamaji watasinzia! Hii ni televisheni, si darasa."

Ragnhild aliingiza kidole kinywani, akachomoa meno mawili ya mbele ya bandia, yakiwa na kibao chake cha plastiki ya rangi ya waridi, akayaweka juu ya mswada wa mwongozaji. Mate yalilowesha karatasi.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne," alisema, hewa ikivuja kwenye pengo. "Kifafa kilinishika, jirani akayavunja yangu ya asili kwa kijiko, akiamini ananiokoa. Niulize alijifunza kwenye tamthilia gani."

Mwigizaji alitupa kijiko, akapiga magoti, akaanza kumgeuza mgonjwa ubavu.

Mwongozaji aliinua mkono kumsimamisha.

"Shusha mkono, bwana," mpiga kamera alisema. "Narekodi."