Jiwe la Punda

Farasi mmoja mwenye maringo, ambaye ujanani hakuna mnyama aliyemshinda mbio, alizeeka akavimba magoti. Kila akipiga hatua, mifupa ilisagana. Ukimuuliza kama anaumwa, anafoka: "Niumwe mimi? Thubutu!"

Kila asubuhi alipanda kilima na rafiki yake Punda kwenda kunywa maji kwenye chemchemi. Wakifika katikati, Farasi akianza tu kuchechemea, Punda husimama.

"Ngoja kidogo, ndugu yangu. Jiwe limenikwama kwatoni."

"Mzembe wewe! Enzi zangu ningekuwa nimeshafika na kurudi," Farasi humjibu. Kisha huegemea mti, akapumzisha magoti na kusimulia mbio zake za zamani, mpaka Punda amalize kukung'uta mguu.

Masika yaliyopita Punda alikufa. Farasi akaanza kufuatana na Mbuzi, kijana aliyepanda kilima bila kusimama. Siku ya kwanza tu, walipofika pale katikati, magoti ya Farasi yaliwaka moto. Akaona aibu kusema.

"Ngoja kidogo, mjukuu wangu. Jiwe limenikwama kwatoni."

Mbuzi akarudi, akainama, akachungulia kwato zote nne.

"Babu, mbona hamna jiwe?"

Farasi akatazama chini. Njia nzima, tangu bondeni mpaka kwenye chemchemi, ilikuwa mchanga mtupu. Haikuwahi kuwa na jiwe hata moja.

"Kweli, mjukuu wangu, hamna," akasema polepole. "Hata Punda hakuwa nalo."