Orutu Bila Wimbo

Peres alijua kuna jambo pale mumewe alipofunga mdomo.

Katika matanga yote aliyowahi kuandamana naye, mumewe alipiga orutu yake, ile fidla ya uzi mmoja, huku akiimba. Alimsifu marehemu, akawataja wakwe na mashemeji mmoja mmoja. Maneno ndiyo yaliyomfanya aitwe. Uzi ulisindikiza tu.

Leo, katika ua wa nyumba hii ya mtaa wa Woodley, hakuimba.

"Huyo mama hata simjui," mumewe alikuwa amesema asubuhi kuhusu marehemu. "Nimeitwa tu kazi."

Sasa aliketi kando ya jeneza, macho ameyafumba, akiuvuta upinde polepole mno, hadi uzi ukatetemeka kama mtu anayejikaza asilie. Kidole kilichoubana kilikuwa kinatoka damu. Hakukifuta.

Miaka kumi na minne ya ndoa, na Peres hajawahi kupigiwa hivyo hata siku moja. Kumwonea wivu maiti! Alitamani yule mwanamke ainuke, washikane nywele kama watu wengine.

Waombolezaji walilia, wakidhani ni ufundi. Mume wa marehemu hakulia. Alikuwa akimtazama Peres.

Akaja, akainama sikioni pake.

"Mama, mzee wako alijuana na bibi yangu wapi?"

Orutu ikaanza upya, na wote wawili wakageuka, wakasikiliza.