Buku Aenda Kuposa

“Nenda na harufu yako mwenyewe,” Shangazi alimkemea Buku, panya aliyejiamini kuliko wote.

“Hii ya kinamasi, Shangazi? Mashavu atanikataa hata sijamaliza kupiga hodi. Nataka nimnukie kama watu wa kwao.”

Basi akamwomba kaka wa Mashavu nyasi alizolalia, akajigaragaza humo, kisha akaenda kuposa kwa maringo.

Mashavu alimnusa shingoni, akachangamka, akamsogezea njugu. Buku akajua kashakubaliwa.

“Mimi ni Buku. Nimekuja kukuposa.”

Mashavu alimnusa tena, akarudi nyuma mpaka mlangoni.

“Masikio yamesikia Buku,” alisema, “lakini pua inaniambia wewe ni kaka yangu, na sisi hatuolewi na kaka zetu. Kula njugu zako, kaka, kabla wachumba hawajafika.”