Injini Yenye Joto

Mnunuzi aligusa injini ya pikipiki, akautoa mkono haraka.

"Mama, umeipasha moto kabla sijafika. Kuna ubovu unaouficha."

"Haina ubovu," alisema Mwanaidi. "Mwanangu aliichagua hii kwa ajili ya mlio wake tu, wa silinda mbili. Naiwasha kila asubuhi, saa aliyokuwa akienda kazini. Baba yake haoni, hainuki kitandani. Akiusikia mlio, anajua kijana ametoka salama."

"Kijana mwenyewe yuko wapi?"

"Tulimzika mwezi wa nne. Baba yake alikuwa hospitali."

Mnunuzi alianza kumrudishia ufunguo.

"Sefu!" sauti dhaifu iliita kutoka dirishani. "Mbona bado uko nje? Utachelewa, mwanangu."

Mwanaidi aliziba mdomo kwa kanga. Mnunuzi akapanda, akapiga stata.